"Amenigeuka": Kitenzi cha Kiingereza na Swali la Nani Kamwacha Nani

Katika makala haya ninakusudia kujadili kitenzi kimoja cha Kiingereza kinachotusumbua sana sisi wanafunzi wa tafsiri na uhakiki, nacho ni "turn on", pamoja na ndugu yake "turn against". Vyote viwili humweleza mtu aliyekuwa upande wako, kisha akaacha kuwa upande wako. Tena si kwa kuondoka tu, bali kwa kukuelekezea ubaya. Mwanafunzi akikutana navyo katika tamthiliya au riwaya hukimbilia neno la kwanza linalomjia: kusaliti, kuasi, au lile la magazetini, "kugeuka dhidi ya". Hoja yangu ni kwamba maneno haya hayawezi kubadilishana viti hivi hivi. Kila neno lina upande wake. Ukichagua moja umeshatoa hukumu juu ya nani alikuwa na haki, kabla msomaji hajafika ukurasa wa pili.

Najua wapo watakaosema, "Ah, hilo waachie watu wa sarufi, sisi ni watu wa fasihi." Sikubaliani nao hata kidogo. Fasihi yetu imejaa watu walioachwa na wenzao. Mhakiki asiyejua kitenzi kipi kinambeba aliyeachwa, na kipi kinamtupa nje, atahakiki nini?

KIINGEREZA CHENYEWE KINASEMAJE?

Tangu sekondari tumekaririshwa orodha ndefu za vitenzi vya namna hii. Kitenzi kidogo cha kawaida kinafungwa mkia wa kijineno kifupi, na maana inaruka mbali. "Turn" peke yake ni kugeuka. "Turn on" yaweza kuwa kuwasha redio, na yaweza kuwa kumrukia rafiki wa jana. Mtafsiri mvivu akiambiwa kwamba marafiki wa fulani "turned on him" anaweza kuandika kuwa walimwasha. Na ajabu ni kwamba hatakuwa mbali sana na ukweli, maana Kiswahili nacho kinajua kumwasha mtu kofi.

Kati ya ndugu hawa wawili ipo tofauti ambayo wengi wetu tunaipita. "Turn on" ni jambo la ghafla, na mara nyingi ni shambulio la maneno au la mikono. Mbwa uliyemfuga mwenyewe anakurukia siku moja: hiyo ni "turn on". "Turn against" yaweza kuchukua miaka. Ni moyo unaohama polepole. Wananchi wanaichoka serikali waliyoipenda, mtoto anamchukia baba aliyemtukuza: hiyo ni "turn against". Kisha kuna "turn to", ambayo ni kumwendea mtu kwa msaada. Kitenzi ni kile kile, na kazi yote inafanywa na kijineno cha nyuma. Aliyetendwa anakaa nje kabisa, mwisho wa foleni, baada ya kijineno hicho.

KISWAHILI KINAMWEKA WAPI ALIYEACHWA?

Sasa tutazame kwetu. Kitenzi "geuka" kwa asili hakihitaji mtu wa kutendwa. Mtu hugeuka, basi. Mke wa Lutu aligeuka nyuma, akageuka nguzo ya chumvi: katika sentensi hiyo moja tumepata maana mbili, kupindua mwili na kuwa kitu kingine. Hakuna usaliti hapo, na ukitazama umbo la kitenzi huoni mtu mwingine yeyote ndani yake.

Lakini mpachike mtu katikati: a-li-m-geuka. Hapo hapo usaliti umezaliwa! Ndugu msomaji, tazama kwamba hatukuongeza neno lolote la ubaya. Hatukusema "vibaya", wala "kwa hila". Tumeongeza mtu tu, silabi moja, na huyo mtu ndiye anayegeuza tendo la mwili kuwa dhambi ya moyo. Aliyeachwa amekaa ndani ya kitenzi, kati ya wakati na shina, mahali ambapo hawezi kusahaulika. Mtoe, na kosa linatoka pamoja naye.

Lugha yetu haikuishia hapo. Ongeza "i" moja: kumgeukia. Yaweza kuwa kumwelekezea mtu uso tu, lakini mtu mwenye shida humgeukia ndugu yake, na mwenye kutubu humgeukia Mungu. Kati ya kumgeuka Mungu na kumgeukia Mungu pana irabu moja tu, na wahubiri wote wa Dodoma wanaishi humo katikati. Kile ambacho Mwingereza hukifanya kwa vijineno vitatu, sisi tunakifanya kwa kiambishi cha mtendwa na mnyambuliko. Halafu mtu anasema Kiswahili hakina njia ya kutafsiri vitenzi hivi!

Kwa hiyo nina ugomvi na "kugeuka dhidi ya". Huko ni kufuata Kiingereza neno kwa neno. "Dhidi ya" ni neno la uwanja wa mpira na la mahakamani: Simba dhidi ya Yanga, Jamhuri dhidi ya fulani. Linapanga pande mbili zilizokuwa pinzani tangu mwanzo. Lakini usaliti hauhitaji mpinzani, unahitaji mpenzi wa jana. Yanga hawezi kumgeuka Simba, kwa sababu hakuwa wake hata siku moja. Ukisema "rafiki yake aligeuka dhidi yake" umeyafanya maumivu ya nyumbani kuwa mechi, na aliyeachwa umemtoa tumboni mwa kitenzi ukamwacha mlangoni.

MANENO YANAYOPANDA NA MANENO YANAYOSHUKA

Jambo la pili ni daraja. Tukichukua "kuasi", tutaona kwamba kitenzi hiki hupanda tu. Mtoto huwaasi wazazi, askari humwasi mkubwa wake, kiumbe humwasi Mola. Huwezi kusema baba amemwasi mwanawe, hata kama baba huyo kauza shamba na kumwacha mtoto bila ada. "Uhaini" nao ni neno la dola: anayelitamka ni serikali, na anayelibeba ni mtu aliye kizimbani. "Kusaliti" ni pana zaidi, lakini ni tendo lenye siri ndani yake. Msaliti anaweza kuwa bado anacheka na wewe. Kugeuka ni pale uso ulipokwisha kuonekana.

Wanafunzi wenzangu hapa Msalato wataona tofauti hii upesi wakiikumbuka simulizi ya juma la mateso la Yesu, tukiisoma kama simulizi. Yuda alimsaliti, na alifanya hivyo kwa busu. Petro alimkana, mtaani tungesema alimruka kimanga. Wanafunzi wengine walimwacha wakakimbia. Na umati? Siku chache baada ya shangwe za matawi, umati ulimgeuka. Vitenzi vinne, makosa manne, na kila kimoja kina uzito wake. Msimuliaji akitumia "kusaliti" kwa wote wanne amewapa mshahara sawa watu waliofanya kazi tofauti.

Kitenzi "kumgeuka" kina sifa moja ambayo wenzake hawana: kinapanda na kinashuka. Mdogo anaweza kumgeuka mkubwa, na mkubwa anaweza kumgeuka mdogo. "Serikali imetugeuka" ni Kiswahili safi. "Serikali imetuasi" ni kichekesho. Katika sifa hii ndimo kinamokutana barabara na kile cha Kiingereza, ambacho nacho hakiulizi nani alikuwa juu.

Historia yetu inatupa mfano. Mwaka 1963 Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, tamthiliya ambayo kiini chake ni kiongozi anayeuawa na watu wa karibu naye. Miezi michache baadaye, tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito waliinuka, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Tarehe 25 askari wa Uingereza, walioombwa na serikali yenyewe, wakayazima. Sisi tunayaita "maasi ya 1964", na kwa jeshi lenye amri jina hilo ni halali. Lakini tazama kazi ya neno: likishatamkwa "maasi", swali la kama askari wale waliona kwamba uhuru umewageuka, kwa kuwaacha chini ya maofisa wale wale wa mkoloni, halipati mahali pa kukaa. Sisemi walikuwa na haki ya kushika bunduki. Nasema kitenzi kimefunga mlango mmoja na kufungua mwingine.

Mfano wa pili ni Bibi Titi Mohamed, aliyewakusanya akina mama kwa maelfu kuiunga mkono TANU katika miaka ya 1950. Mwaka 1970 alipandishwa kizimbani kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha. Leo Dar es Salaam ina barabara yenye jina lake. Neno la dola lilimbandika, kisha likabanduka. Lakini swali la nani alimgeuka nani kati yake na chama alichokijenga bado liko wazi, na hilo ndilo swali la fasihi. Mahakama haiulizi hivyo.

BRUTUS ALIFANYA NINI HASA?

Turudi kwenye tamthiliya ile. Hapa ndipo penye ngoma, maana mtafsiri analazimika kuchagua. Brutus alimpenda Caesar, naye anasema hivyo mbele ya umma, lakini anadai kwamba aliipenda Roma zaidi. Ukiandika kuwa Brutus "aliasi", umekwisha kumvika Caesar taji ambalo tamthiliya nzima inabishania kama alilitaka au hakulitaka; kuasi hupanda, kwa hiyo lazima pawe na mfalme juu. Ukiandika "alimsaliti", umekaa benchi moja na Antony. Ukiandika "alimgeuka", umemwacha rafiki ndani ya kitenzi na kisu mkononi, na hukumu ya cheo umemwachia mtazamaji. Aidha, kitenzi hicho hicho kinamruhusu Brutus ajibu: Caesar ndiye aliyetangulia kuigeuka Roma. Kwa kitenzi cha kuasi hana jibu hilo.

Kisha kuna umati. Brutus anahutubia, umati unamshangilia. Anapanda Antony, anaendelea kumsifu Brutus kuwa mtu wa heshima hadi sifa yenyewe inachacha, na kabla hajashuka umati umewageuka waliomuua Caesar. Katika fujo hiyo wanamuua Cinna mshairi, asiye na hatia, kwa sababu tu jina lake ni sawa na la mmoja wa waliokula njama. Hapa Kiswahili kinatupa zaidi ya Kiingereza: umati uligeuka, lakini Antony aliugeuza. Kunyambua tu, na tayari tumeuliza swali la siasa: hivi watu hawa waligeuka, au waligeuzwa?

Tafsiri ya Nyerere aliirekebisha mwenyewe na ikatoka tena mwaka 1969. Napendekeza semina yetu moja ichukue matoleo yote mawili, iandike kila mahali penye mtu anayemwacha mwenzake, na kulinganisha vitenzi. Hilo ni zoezi lenye faida kuliko kurudia kwa mara ya mia kwamba "fasihi ni kioo cha jamii".

DALALI NA MWANASIASA

Hadi hapa nimezungumzia vitabu na historia. Lakini sarufi hii inafanya kazi hata mbuzi anapouzwa. Siku moja mnadani hapa Msalato nilimsikia mzee mmoja akimlalamikia dalali kijana. Walikuwa wamepatana bei ya mbuzi, kisha alipofika mnunuzi, dalali akaanza kuvuta upande wa mnunuzi. Mzee akasema, "Mjukuu wangu, mbona unanigeuka?" Kijana akajibu kwa adabu zote, "Babu, sijakugeuka mimi. Soko ndilo limegeuka."

Jibu hilo lilinifikirisha kuliko mihadhara mingi. Kijana hakukataa kwamba kuna kitu kimegeuka. Alichofanya ni kukitoa kiambishi cha mtendwa. Limegeuka, basi, kama upepo. Mzee, aliyekuwa ndani ya kitenzi, amefukuzwa. Na mtendaji si mtu tena, ni soko. Kwa silabi moja dalali amejisafisha.

Wanasiasa wetu hufanya hivyo hivyo, na sisi wa Dodoma tuna nafasi nzuri ya kuwasikiliza, maana mambo yao mengi huamuliwa hapa. Julai 2015 Chama cha Mapinduzi kilikutana Dodoma kumteua mgombea urais. Jina la Edward Lowassa halikuingia katika yale matano yaliyopitishwa, na baadhi ya wajumbe waliimba ukumbini kwamba wana imani naye. Kabla mwezi haujaisha alikuwa ameingia CHADEMA. Oktoba akapata asilimia 39.97 ya kura, na John Magufuli asilimia 58.46. Machi 2019 akarudi CCM. Alifariki Februari 2024.

Sasa muulize mpenzi wake wa mwaka 2015, atakwambia chama kilimgeuka. Muulize mwanachama wa CCM wa mwaka huo huo, atakwambia alikigeuka chama. Muulize aliyekuwa CHADEMA tangu zamani, naye ana lake: Septemba 2007 viongozi wa upinzani walilitaja jina hilo hilo katika orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga, na aliyeisoma, Willibrod Slaa, alijiondoa Septemba 2015 baada ya chama kumpokea Lowassa. Kwake yeye aliyegeuka ni chama, na kilichogeukwa ni neno lake chenyewe. Watu watatu, kitenzi kimoja, mtendwa tofauti kila mara. Ndiyo maana nasema mhakiki asianze kwa kuuliza "nani msaliti?" Aanze kwa kuuliza: hiyo "m" ni nani, na anayesema amekaa wapi?

Lugha rasmi inapenda neno jingine kabisa: kuhama. Mtu "amehama chama". Kuhama ni kitenzi cha nyumba na mizigo. Mtendwa wake ni mahali, si mtu. Unahama Chamwino kwenda Kondoa, hakuna anayelia isipokuwa mwenye nyumba. Katiba yetu, ibara ya 71, inamwondolea ubunge mtu anayeacha chama kilichompa nafasi hiyo. Inaeleza kiti tu, haielezi moyo. Ni sawa, sheria haina macho ya moyo. Lakini mwandishi wa riwaya akikubali "amehama" bila kuhoji, amefanya kama yule dalali: amewafuta watu waliosimama juani kumpigia kura.

MAGEUZI NA KIGEUGEU

Kuna pingamizi moja zito ambalo halifai kupitwa. Mtu atasema: ikiwa kugeuka ni kosa daima, basi tunamfunga kila mtu alipo milele. Je, mtu akigundua kwamba upande wake ni wa dhuluma, asigeuke?

Kiswahili kimekwisha lifikiria swali hili. Shina lile lile linalotupa "kigeugeu" ndilo linalotupa "mageuzi". Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, neno lililobeba matumaini ya watu lilikuwa mageuzi, na chama kimoja, NCCR-Mageuzi, kililiweka kabisa katika jina lake. Mwaka 1995 Augustine Mrema alitoka CCM akagombea urais kwa tiketi ya chama hicho. Mwaka 1999 akahamia TLP. Waliompenda walimwita mwanamageuzi, waliomchoka walimwita kigeugeu. Tofauti haiko katika shina. Mageuzi yanatokana na kugeuza: kuna kitu nje yako unachokibadili, na watu wanaona. Kigeugeu ni geu mbili zinazofuatana, mtu anajizungusha mwenyewe, na hakuna kilichobadilika ila uso wake.

Ebrahim Hussein alilijua jambo hili alipoandika Kinjeketile (1969). Mwisho wa tamthiliya, Kinjeketile amefungwa na Wajerumani na anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Yeye mwenyewe ameshapata shaka nayo. Akisema hivyo atakuwa pengine mkweli kwa nafsi yake, lakini atakuwa amewageuka waliokufa wakiamini, na watoto wao wataambiwa baba zao walipigania upuuzi. Anakataa. Hapo tunaona kwamba uzito wa kitenzi hiki hauko katika ukweli au uongo wa wazo ulilobadili. Uzito uko kwa watu waliokaa ndani ya kitenzi: walikuamini, wakatenda, wakalipa. Mtu anaweza kubadili mawazo bila kuwageuka watu, ikiwa atasimama mbele yao na kuwaeleza. Na anaweza kuwageuka watu bila kubadili wazo hata moja, kama alivyofanya dalali.

HITIMISHO

Kwa muhtasari, nimejaribu kuonyesha kwamba "turn on" na "turn against" havitafsiriki kwa neno moja la kukariri, na wala havihitaji "dhidi ya". Kuasi kunapanda, uhaini ni wa dola, kusaliti kuna siri, kuhama kunafuta watu. Kumgeuka ndiko kunakombakiza aliyeachwa ndani, awe mkubwa au mdogo. Sisemi kitumike kila mahali. Askari wa 1964 kweli waliasi, na Yuda kweli alisaliti. Nasema mtafsiri na mhakiki wajue wamechagua.

Wapo wahadhiri wetu watakaoona nimekibebesha kiambishi kimoja mzigo mkubwa mno. Kurasa za gazeti hili ziko wazi, na nitafurahi kupingwa. Ila atakayenipinga naomba aje na mfano mmoja tu: sentensi ya Kiswahili ambamo mtu amemgeuka mwenzake, tukamtoa huyo mwenzake katika kitenzi, na maumivu yakabaki pale pale.